Nimepokea isale, sijapokea mtu

Mwaka jana tarehe 6 mwezi wa pili, lile jua la Moshi la kabla ya masika ambalo hata mlima huuoni kwa vumbi, aliingia baba mmoja dukani kwangu akasimama pembeni karibu na mashine ya kopi. Nina stationari ndogo hapa mjini, natoa kopi, naprinti, naskani, nachapa barua. Ukimwambia mtu unachapa barua anadhani ni za kuomba kazi tu, lakini ungejua mambo ya watu niliyochapa humu ndani, talaka, mirathi, mtu anamshitaki mdogo wake wa tumbo moja kisa migomba mitatu, yote yamepita kwenye vidole hivi. Sasa huyu baba akawa anampisha kila anayeingia. Mtoto wa shule na kopi za mtihani, mpishe. Dada na kitambulisho cha NIDA, mpishe. Mpaka tukabaki wawili ndo akasogea kaunta akaniambia kwa sauti ya chini, dada yangu, nataka uniandikie barua kwa mke wangu.

Nikafungua ukurasa, nikaweka tarehe juu kulia kama kawaida. Akaanza kusema na mimi nachapa: "Mke wangu mpendwa, kama kuna mahali nilikukosea..."

Nikatoa mikono kwenye kibodi. Nikamuuliza, kaka, kama kuna mahali, au kuna mahali?

Akacheka kile kicheko cha mtu aliyekutwa jikoni na mnofu mkononi. Akasema, kupo. Nikafuta "kama".

Tukaenda hivyo karibu saa nzima. Alikuwa na mtu Arusha, nyumba ndogo kabisa yenye kodi na jiko la gesi, mke akajua, mke akachukua watoto akaenda kwao. Katikati ya barua akaona kitabu kimefunikwa juu ya meza yangu, kava lina mwanamke amelala kifuani kwa mwanaume asiye na shati, akaniambia basi tia na maneno matamu matamu kama hayo mnayosomaga humo. Nikamwambia kaka yangu, ya humu usiyatake. Ya humu yanafanya kazi kwa sababu anayeomba msamaha na anayesamehe wote wameandikwa na mtu mmoja.

Nitamrudia huyu baba (na nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane, kwa hiyo wa Moshi msianze kukisia). Ila siku ile alipoondoka na bahasha yake nilibaki nawaza kitu ambacho nimekuwa nakiwaza miaka, kwamba mimi ni mtu wa riwaya za mapenzi kweli kweli, nazipenda, nazitetea, na bado kuna jambo moja, msamaha wa aliyechepuka, zinanidanganya kila mara na mimi nalipia kudanganywa.

Kuzipenda nilianzia Kibosho kwa mama mkubwa. Mama mkubwa alikuwa karani mpiga chapa ofisi moja hapa mjini, enzi za taipureta, alipostaafu akarudi kihambani, shamba la nyumbani, na sanduku la bati lililojaa Mills & Boon, nyingine hazina kava, nyingine zimeliwa na mende pembeni. Mimi nikadhani Mills & Boon ni mtu na mke wake. Kumbe ni wanaume wawili wa London, Gerald Mills na Charles Boon, walianzisha kampuni mwaka 1908 na mwanzoni walikuwa wanachapa vitabu vya kila aina, hata Jack London waliwahi kumchapa, mapenzi yakaja kuwameza baadaye, halafu mwaka 1971 Harlequin ya Kanada ikawanunua. Mama mkubwa hayo hayakumhusu. Yeye usiku tukishakula alikuwa anawasha taa ya chemli anatusomea, anatafsiri palepale Kiswahili kinachochanganyika na Kikibosho, na kila wakifika kwenye busu anasema "hapo wakasalimiana". Nimekua nikiamini Wazungu ni watu wa kusalimiana sana. Wanasalimiana mvuani, wanasalimiana kwenye farasi, kuna mmoja walisalimiana mpaka gauni likachanika.

Lakini kulikuwa na mahali alikuwa anafunga kitabu. Ni pale mwanaume ameshafanya mabaya yake huko, karudi na maua, kapiga magoti, na mwanamke analia machozi ya furaha. Mama mkubwa anaweka kidole katikati ya kurasa anatuangalia watoto kana kwamba sisi ndo tumeandika. "Hajaulizwa hata alikuwa wapi," anasema. Halafu anafungua anamalizia, maana naye alitaka kujua kama watafunga ndoa.

Sasa ili muelewe kwa nini hizi riwaya zinajikwaa hapo lazima muelewe ahadi zake. Riwaya ya mapenzi kama aina ina masharti. Wenzetu wa Marekani wana chama cha waandishi wa mambo haya na wameyaandika masharti yenyewe waziwazi, ni mawili tu, kwamba mapenzi yawe ndo uti wa mgongo wa kisa chenyewe na kwamba mwisho uridhishe na uwe na matumaini. Basi. Ukimuua mpenzi mwishoni umeandika riwaya nyingine, inaweza ikawa nzuri kuliko zote ila sio hii. Kwa hiyo mwandishi anayemchepusha mume ukurasa wa 90 amejifungia mlango mwenyewe, ukurasa wa 250 lazima msomaji atabasamu, na huyu mwanaume tuliyemchukia ndo tunatakiwa tumtabasamie. Utatokaje hapo?

Wengi wanatoka kwa kusema haikuwa kuchepuka. Yule mwanamke aliyekuwa amemkumbatia hotelini, kumbe dada yake. Kumbe walikuwa wameshaachana ile wiki, kwa hiyo kwa mahesabu haihesabiki. Kumbe aligonga kichwa akasahau kwamba ana mke. Wazungu wanapenda sana hiyo ya kusahau, mtu anasahau mke na watoto lakini kuendesha gari na kufunga tai anakumbuka. Nilikuwa naicheka mpaka siku nilipoanza kusoma simulizi zetu za Kiswahili kwenye simu, hizi za sehemu ya kwanza bure sehemu ya pili tuma buku, nikagundua sisi tuna limbwata. Kazi ni ileile! Mume hakuchepuka, mume alilishwa. Mwanamke wa nje kaenda kwa mganga, katia kitu kwenye juisi, na jamaa miaka mitatu anapeleka mshahara kule kwa miguu yake mwenyewe akiwa hana habari. Siku dawa inaisha anazinduka anaangalia kushoto na kulia anauliza niko wapi, nipelekeni kwa mke wangu. Na mke anampokea kama mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali. Kosa limeenda kwa mganga, mganga analipuliwa na radi, imeisha hiyo.

Simkejeli anayeamini limbwata, majirani zangu wengi wanaamini na siku nyingine usiku usiku hata mimi. Ninachosema ni kwamba kwenye hadithi limbwata na kugonga kichwa ni ndugu, kazi yao ni kumuondoa mwenye kosa eneo la tukio.

Halafu kuna hii ya kumhamishia kosa mwanamke wa nje, ambayo kwa simulizi zetu ndo ugonjwa hasa. Hesabuni wenyewe. Mume anarudi nyumbani, nyumba ndogo inapata Ukimwi, au inarukwa na akili inaokota makopo stendi, au inapinduka na gari ileile aliyohongwa. Sijawahi kukuta hata moja ambayo mwanamke wa nje anafungua genge, anaendelea na maisha, anazeeka. Mnakumbuka ile kampeni ya Ukimwi, "Baki njia kuu, michepuko sio dili"? Tuliicheka, tukaibeba, leo neno mchepuko limeshakuwa la kila siku hata bibi yangu analitumia. Mimi limekuwa likinisumbua neno lenyewe. Mchepuko ni ile barabara ya vumbi wanayokupitisha wakati wanatengeneza daraja. Sasa kama yule ni mchepuko na mke ni njia kuu, maana yake mke yupo tu pale kalala na lami yake, gari likitoka huko vumbini linapanda tu linaendelea na safari. Barabara haikuulizi ulikuwa wapi.

Na akichepuka mke? Hapo hakuna limbwata, wala hakuna dada yake wala kaka yake. Hapo ni kifo au mvua, yaani ama anakufa ama anapiga magoti mvuani nje ya geti la mume ambaye kwa sasa ana mke mpya mwenye adabu. Na msidhani ni ushamba wetu. Vile vitabu vikubwa vinavyoheshimika duniani hali ni hiyohiyo. Nilijilazimisha kusoma Anna Karenina cha Mrusi Tolstoy, kitabu kizito kama tofali la Pasua, miezi minne, nasoma kati ya mteja na mteja. Na watu wote wanakumbuka mwisho wa yule dada, Anna, mke aliyechepuka akaishia chini ya treni. Wanachosahau ni mwanzo. Kitabu kinaanza na kaka yake, Stiva, amekamatwa na mke wake Dolly kwamba alikuwa na mwalimu wa zamani wa watoto wao, na Anna anasafiri kutoka Petersburg mpaka Moscow kuja kumbembeleza wifi yake asamehe. Na wifi anasamehe. Na Stiva anaendelea na tabia yake kitabu kizima, anakula, anacheka, watu wanampenda, mpaka mwisho yupo hai. Dada aliyekuja kusuluhisha ndo anaishia kwenye reli. Tolstoy hakuwa mjinga, nadhani aliweka makusudi ili tuone, lakini kwa nini ninapomtaja Anna kwa watu hakuna hata mmoja anayeniuliza habari za kaka yake?

Emma Bovary wa Ufaransa, mke mwingine wa kwenye riwaya aliyechepuka, naye alikunywa sumu ya aseniki, na pamoja na kumuua hivyo kwa mateso bado mwandishi wake, Flaubert, alipelekwa mahakamani Paris mwaka 1857 eti kitabu kinaharibu maadili. Aliachiwa. Ila jamani, umemuua mtu kurasa kadhaa na bado wanasema hujamwadhibu vya kutosha.

Turudi kwetu, maana Urusi ni mbali na mimi nimechapa mengi ya karibu. Kwa sababu ya kazi hii nimejikuta najua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kuliko nilivyotaka kuijua. Watu wanakuja na makaratasi ya baraza la usuluhishi la kata, maana huwezi kwenda mahakamani kudai talaka hivihivi, baraza kwanza likae nanyi liseme limeshindwa. Sheria inautaja ugoni, yaani kuchepuka kwenye ndoa, kama moja ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika, lakini kuna kipengele ambacho siku nakichapa mara ya kwanza nilisimama nikakisoma tena: uzito unakuwa hasa pale ugoni umerudiwa zaidi ya mara moja, au umeendelea licha ya mwenza kulalamika. Licha ya mwenza kulalamika! Yaani bunge la mwaka 1971 lilishaona kitu ambacho waandishi wangu wengi wa mapenzi hawajakiona, kwamba kuna kosa la kuanguka na kuna kosa la kuambiwa "unaniumiza" na kuendelea kutembea. Riwaya inayachukua yote mawili inayafunga kwenye kifurushi kimoja inakiita "makosa ya zamani".

Na kwenye baraza, wanaoniletea karatasi wananisimulia, hakuna anayepiga magoti na maua. Kuna benchi, kuna wazee, kuna mtu anauliza pesa ya ada ya mtoto ya mwezi wa saba ilienda wapi.

Sasa isale. Kwa wasio wa huku, isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaoonekana kwenye mipaka ya vihamba Uchaggani, wengi mnaupita mkidhani ni ua la kupendezesha. Ni mpaka, ni alama ya makaburi ya wazee, na ni jani la msamaha. Mtu akikukosea akaja na isale, kimila huna ubavu wa kukataa. Jani likishafika mbele yako neno limeisha.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Ilikuwa Desemba, wakati Wachagga wote wa duniani wanarudi na magari yanapanga foleni kuanzia Same. Baba mkubwa alikuwa anafanya kazi Tanga, na Tanga alikuwa na mwanamke, hili sisi watoto tulikuwa tunalijua kama tunavyojua kwamba ng'ombe ana mimba, hakuna aliyetwambia. Siku hiyo alikuja na mzee wa ukoo na mjomba wake. Nikatumwa viti. Mama mkubwa alikuwa jikoni anatoa majivu, akaja mlangoni na mikono yake vilevile ya majivu, hakuinawa. Mzee akatoa isale, jani moja limefungwa fundo, akalishika kwa mikono miwili akasema maneno ambayo mengi sikuyaelewa ni ya zamani. Baba mkubwa alikuwa anaangalia viatu vyake. Viatu vizuri vya Tanga.

Mama mkubwa akalipokea. Kidole gumba chake kiliacha alama ya majivu kwenye jani, hiyo naiona mpaka leo. Akasema, nimepokea. Basi watu wakapumua, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaja, kata ikazunguka, wazee wakaanza kuongelea bei ya kahawa.

Riwaya inaishia hapo. Kwaheri, mwisho, kava la nyuma.

Jioni wazee wakiwa kwenye kata ya mwisho mwisho baba mkubwa akabeba begi lake kuelekea chumbani. Mama mkubwa akamzuia mlangoni, hakupaza sauti wala nini, akanyoosha kidole kwenye chumba cha kaka zangu. Akasema, "Nimepokea isale, sijapokea mtu."

Misimu miwili ya kahawa. Misimu miwili yule baba alilala na watoto wa kiume, kitanda kifupi, miguu inaning'inia. Aliacha kazi Tanga akatafuta ya mjini. Asubuhi anakata majani ya ng'ombe kabla hajaenda, kazi ambayo wanaume wenzake walimcheka nayo barabarani. Mwisho wa mwezi anaweka pesa mezani na mama mkubwa anahesabu mbele yake, noti moja moja, kama keshia. Na maswali. Maswali yalikuwa hayana ratiba, ndo yaliyokuwa yanatisha. Tunachambua maharage kwenye ungo, kimya, jioni nzuri tu, halafu mama mkubwa bila kuinua macho: "Pasaka ile uliyosema lori limeharibika Korogwe, ulikuwa wapi?"

Na baba mkubwa: "Nilikuwa kwake."

Mama mkubwa anatupa jiwe dogo pembeni, anaendelea na maharage.

Mimi nilikuwa natamani aidha apige kelele au alie, maana ndo nilivyofundishwa na vitabu vyake mwenyewe. Hakufanya. Aliuliza, akajibiwa, akachambua. Wiki tatu hakuna swali halafu linakuja lingine. Ilivyoisha sijui maana hakuna aliyetangaza, mimi nilienda bodingi na niliporudi likizo nikakuta buti za baba mkubwa zimesimama nje ya chumba cha mama mkubwa, zina matope, zimeelekea ndani.

Naona kuna mtu anataka kusema ahaa, kwa hiyo mila zetu ndo jibu. Punguza mwendo. Isale linamfunga nani? Linamfunga aliyeumizwa. Aliyeumiza anatakiwa kuja, basi, na jani lipo bure uwanjani. Wanawake wangapi wamepokea kwa sababu wazee wameshakaa na mbege imeshapikwa, uso kwa uso na ukoo mzima, utakataa uende wapi? Na mimi pamoja na kukulia huko sijawahi kuona mwanamke aliyechepuka akisindikizwa na wazee na isale kurudishwa kwa mume, niliowaona walirudishwa kwao na godoro. Mama mkubwa alipona kwa sababu alikuwa na pensheni yake na ulimi wake. Alitafuta upenyo mdogo kati ya jani na mtu, akakaa humo misimu miwili.

Na hapo ndo nilipogundua kinachonikera na riwaya zangu. Lile tukio la magoti, la uwanja wa ndege, la kusimama madhabahuni kukiri mbele ya kanisa zima, ni isale. Ni jani. Limeandikwa hivyo ili asiweze kukataa, na sio mke tu, mimi msomaji pia nisiweze kukataa, mwandishi kaniletea wazee wote wamekaa. Na simulizi zetu zina isale kubwa kuliko zote, ajali. Mume anapata ajali, mke anaitwa hospitali, mashine zinalia pi pi pi, anashika mkono wa mgonjwa anasema nimekusamehe. Sasa huyo utamuuliza Korogwe wakati ana mpira wa oksijeni? Aisee mlima Kitonga, ule wa kona za ajali kule Iringa, umesuluhisha ndoa nyingi kwenye simulizi kuliko mabaraza yote ya kata.

Ila tusiwasingizie waandishi peke yao. Nipo kwenye grupu moja la wasap la simulizi za kulipia, na mwaka juzi kuna mwandishi alijaribu. Mume kakamatwa sehemu ya 20, na kuanzia hapo jamaa akaandika mume anarudi mapema. Anarudi tu mapema. Sehemu nzima anapika uji mtoto anaumwa, mke anamwangalia hamsemeshi. Nyingine mke anampigia simu saa tano asubuhi, anapokea, anamuuliza uko wapi, anasema ofisini, anakata. Mimi nilikuwa natetemeka kwa raha. Nikasema huyu mtu amewahi kukaa ile nyumba. Watu wakaanza. Mbona haina mzuka. Mbona imepoa. Rudisha buku langu. Mmoja akatuma voisi ya dakika tatu anasema yeye akitaka kuona mtu anapika uji atamwangalia mume wake. Na mimi niliyekuwa natetemeka kwa raha nilifanya nini? Nilikaa kimya, si unajua grupu lilivyo. Sehemu ya 27 mume akapata ajali.

Mwenzangu mmoja nilimweleza hii stori akaniambia sasa wewe unataka riwaya au unataka taarifa ya baraza, watu wanasoma ili wapumzike na hayo ya kuulizana wanayo nyumbani. Ana hoja. Mimi pia narudi nyumbani nimechoka na kuchapa talaka za watu nataka wakasalimiane mvuani waniache. Na nimewahi kukaa pande zote mbili za hiyo meza, ya kuombwa na ya kuomba, sitafafanua, ila najua kwamba upande wa kuomba ndo unaopenda magoti. Magoti ni dakika tano. Ukipiga magoti vizuri ukalia vizuri unaanza hata kujionea huruma mwenyewe, na aliyeumizwa anajikuta anakubembeleza wewe. Kazi ni kukaa umesimama jikoni unaulizwa swali la Pasaka ya mwaka juzi na usiseme "si tulishayamaliza haya".

Sasa yule baba wa barua.

Alirudi mwezi wa tatu katikati, mvua zimeanza. Hakumpisha mtu safari hii. Akatoa bahasha ileile, akaitandaza barua kaunta, nikaona mke kairudisha. Hakuichana wala kuitemea mate, aliisoma na peni. Peni ya bluu. Sehemu kubwa hakugusa, yale maneno matamu niliyomkatalia na yeye akaning'ang'aniza tukaweka mawili, hayo aliyapita tu kama hayapo. Ila pale tulipoandika "nimeachana naye kabisa", chini ya "kabisa" kulikuwa na mstari, na pembeni neno moja. Lini?

"Sasa hapa dada naandikaje?"

Nikamwambia kaka, andika lini.

Akavuta stuli akakaa. Akatoa simu. Nikadhani anataka kupiga, kumbe anafungua meseji za M-Pesa, anapandisha na kidole taratibu, anatafuta siku ya mwisho aliyotuma kule Arusha. Mimi nikafungua faili la zamani, nikaweka kishale baada ya "kabisa", nikasubiri. Nje watu wanakimbia mvua.

"Weka tarehe 9 mwezi wa kwanza," akasema. Nikachapa.

Akaendelea kupandisha na kushusha. Akasimamisha kidole. Akaiangalia ile barua kaunta, sio pale penye peni, juu kulia penye tarehe. Akaangalia simu tena.

"Subiri dada," akasema. "Futa. Weka 27 mwezi wa pili."

Nikafuta 9.